Babu Yako Hakutuma Radi

Kwako Mwamini,

Salamu nimeziruka. Asubuhi tumekunywa chai kwenye meza moja, wewe ukitazama kikombe chako na mimi changu, na tangu juzi hakuna kati yetu aliyesema neno refu kuliko "lete sukari". Sasa umeenda kuwaaga shangazi zako, na mimi nawajua dada zangu, hawatakuachia kabla jua halijazama. Mpaka hapo nina kalamu, kurasa nilizochana kwenye daftari la kazi, na woga wangu. Nimekaa barazani. Sanduku lako la vifaa liko karibu na mguu wangu, limefungwa tayari kwa kamba ya mpira.

Kesho alfajiri Idi atakuja na pikipiki kukupeleka Salamabila. Utafunga taa za utepe katika nyumba mpya ya Bwana Masudi, vyumba saba na baraza, zile taa zinazowaka na kubadili rangi kwa kuamrishwa na simu. Ni kazi ya kwanza kubwa uliyoitiwa wewe kwa jina lako. Mzazi mwingine angekuandikia habari za chandarua, maji ya kuchemsha na vijana wa machimboni. Hayo unayajua kunishinda. Mimi nina jambo moja tu la kukwambia, na nimelikimbia miaka tisa.

Nianze na juzi, maana bado unanidai jibu. Ulikuwa unajaribu utepe wa yule mama wa saluni. Fyuzi ikakatika. Hukuinuka hata kutafuta nyingine. Uliokota pakiti tupu ya sigara chini ya meza, ukachana ile karatasi yake ya fedha, ukaizungusha kwenye fyuzi iliyokufa, ukairudisha mahali pake, na taa zikawaka. Ulifanya hivyo huku ukiongea na mteja, kama mtu anayefunga kifungo cha shati. Mimi nikaruka kutoka kwenye kiti, nikaing'oa, nikakata na waya kwa koleo, nikakufokea mbele ya mama wa watu. Wewe hukupandisha sauti. Uliniuliza tu:

"Papa, hapana weye mwenyewe ulinifundisha ile?"

Nikatoka nje, nikajifanya naenda kutazama pano ya jua juu ya bati. Nilikaa juu ya ngazi mpaka miguu ikafa ganzi.

Ni kweli, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufundisha. Ulikuwa mdogo, unakaa kwenye kreti ya bia karibu na meza yangu, unanishikia misumari na kutazama mikono yangu. Nilikuwa nazungusha ile karatasi kila siku, na watu wakinisifu: fundi huyu hashindwi na kitu. Baada ya yaliyotokea Wamaza sikuizungusha tena hata mara moja. Lakini sikukwambia nimeacha, wala kwa nini nimeacha, kwa hiyo wewe ulibaki na somo la kwanza. Sasa nitakwambia ya Wamaza, na nakuomba usome mpaka mwisho hata kama utanichukia katikati.

Unajua kwamba Bwana Masudi alikuwa na nyumba Wamaza, ikaungua siku ya arusi ya mwanawe. Unajua kwamba babu yako Sumaili, baba wa mama yako, alikuwa jirani yake. Na unajua kile watu wote wanachokijua, kwamba babu yako alituma radi ikachoma nyumba ile kwa sababu ya ugomvi wa kiwanja. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Umekua na habari hiyo, imekuingia kama lugha.

Babu yako hakutuma radi. Nyumba ile niliichoma mimi.

Masudi alinunua taa zile mbali, akazileta kwa fahari, za kwanza katika eneo lote. Akaniita mimi kwa sababu nilikuwa mkwe wa jirani na nilikuwa na jina. Nilikuwa sijawahi kuzishika, lakini ulimi wangu ulisema nazijua. Mwongozo ulikuwa wa maandishi ya Kichina, nami nikajifanya nausoma. Zilikuwa tepe nne za mita tano tano. Mtu anayejua angeupelekea kila utepe waya wake mnene kutoka kwenye umeme. Mimi niliziunganisha mkia kwa kichwa, zote nne, nikazilisha kutoka ncha moja kwa waya mwembamba wa spika. Maungio nikayafunga kwa mfuko wa plastiki niliouyeyusha kwa kiberiti. Kisha nikayaficha juu ya dari, na dari yenyewe ilikuwa ya mikeka mikavu. Umeme ulitoka kwenye batri ya lori.

Jioni ya arusi watu wamekaa, Masudi amesimama katikati na simu mkononi. Akagusa nyekundu, taa zikawaka nyekundu. Wanawake wakapiga vigelegele. Akagusa buluu, vigelegele vikazidi. Akagusa nyeupe, kwa ajili ya gauni la bibi arusi, na kukawa giza. Nyeupe ndiyo inayokula umeme kuliko zote, kwa sababu rangi tatu zinawaka kwa pamoja, na fyuzi ilikatika. Nikaibadilisha. Akagusa nyeupe, ikakatika tena. Sikuwa na fyuzi nyingine. Masudi akanijia na kuniambia chini chini kwamba ninamvua nguo mbele ya wakwe zake. Mgeni mmoja alikuwa anavuta sigara mlangoni. Nikamwomba pakiti.

Nyeupe ikawaka, Mwamini, ikashika. Nilipewa kiti cha mbele na sahani ya nyama, nikala.

Mvua ilikuwa inakuja. Karibu saa moja baadaye radi ilipiga, mahali fulani upande wa mto, radi ya kawaida ya msimu wa mvua. Watu wakashtuka, wakacheka. Ndipo mtoto mmoja akasema dari inatoa moshi. Kila mtu alitoka, namshukuru Mungu kila siku kwa hilo, hakuna aliyekufa. Lakini nyumba ilikwisha kabla mvua haijafika, na mahari na vyombo vya arusi vilikwisha nayo. Tulikuwa bado tumesimama uani tunatazama pale mtu mmoja aliposema radi. Mwingine akasema radi haiji bila mwenyewe. Wiki ile ile babu yako alikuwa amekataa kumpa Masudi kipande cha kiwanja cha kupanulia ua, akasema mbele ya watu, "Hii nyumba haitakufaa." Maneno ya mzee aliyekasirika. Sasa kila mtu aliyakumbuka.

Asubuhi nilitumwa kutoa batri. Batri ilikuwa nje, chini ya ukuta, haikuungua. Waya ulikuwa umeyeyuka kuanzia kwenye fyuzi mpaka juu. Fyuzi yenyewe ilikuwa palepale, na karatasi yangu ya fedha juu yake, imegeuka nyeusi. Nilielewa mara moja, hata mtoto wa kwenye kreti angeelewa. Nikaitia mfukoni. Nilipogeuka, vijana wa ukoo wa Masudi walikuwa wamesimama nyuma yangu, na mkubwa wao akauliza:

"Fundi, weye ndiye unajua umeme. Ile iko radi ao haiko radi?"

Nimeyarudia maneno niliyojibu mara nyingi kuliko sala. Nilisema, "Radi iko na nguvu kupita umeme yetu." Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilisema neno la kweli ambalo lingewapeleka mahali pa uongo, na nilijua litawapeleka huko.

Walibomoa nyumba ya babu yako kabla ya saa sita. Walikata michikichi yake. Yeye alitoka na kitanda kichwani, na mkewe akimfuata na kuku mmoja. Alipita mbele yangu. Alinitazama, kisha akatazama chini kwa heshima ya ukwe, hata siku ile. Alikuwa ananingoja niseme neno moja, mimi fundi, mimi mkwe wake. Nilishika mfuko wangu kwa mkono.

Baada ya hapo niliwahamisha tukaja Kasongo, nikakwambia ni kwa ajili ya masomo. Mwaka uliofuata babu yako alitembea kutoka Lusangi, alikokwenda kukaa kwa mpwa wake, akatukuta sokoni na furushi la karanga alilokuletea. Wewe ulipiga kelele "mchawi" ukajificha nyuma yangu. Alilaza furushi chini polepole, akaondoka. Nilisimama pale, Mwamini. Kulikuwa na watu pengine watano wanasikiliza, na ningeweza kukwambia ukweli pale pale, ukamkimbilia. Nilikushika mkono nikakuambia tuende nyumbani. Zile karanga aliziokota mwuza chumvi.

Na mama yako. Hili sikutaka kuliandika. Katika ugonjwa wake, siku ambazo hata maji yalikuwa hayapiti, aliniita karibu akaniuliza kama mimi, kwa ufundi wangu wote, ninaamini kweli ni baba yake. Nilijibu, Mungu ndiye anayejua. Alifumba macho. Alizikwa bila baba yake, maana hakuna aliyethubutu kumwita mzee wa radi kwenye matanga. Mimi ningeweza kumwita.

Sasa unaelewa kilichonipata juzi. Niliona mkono wangu kwenye mkono wako. Na unakwenda kwa nani? Kwa Masudi yule yule, ambaye amekuita kwa sababu ananiamini mimi. Aliniambia kwenye simu kwamba ile ya zamani ilikuwa uchawi, kazi yangu haikuwa na kosa. Amesema nyumba hii mpya ameizindika kwa dawa ya radi, pembe zote nne. Nikamuuliza kuhusu fyuzi, akacheka. Katika nyumba hiyo hakuna mtu anayeuogopa waya. Ikiungua, hawatatafuta waya. Watatafuta mzee.

Kwa hiyo sikiliza, haya machache tu, mengine unayaweza. Usiuwashe utepe ukiwa bado umeviringishwa, unapata joto ndani kwa ndani na huoni. Kata penye alama tu. Ule waya mweusi kwenye tepe za rangi mara nyingi ndio chanya, usidanganywe na weusi wake, pima kwanza. Kila mita tano ipe njia yake ya umeme. Jaribu kila kitu kwa nyeupe, saa nzima, kisha panda ngazi uguse waya na maungio kwa kiganja. Pakikuchoma, bomoa uanze upya, hata kama wageni wamekaa, hata kama bibi arusi amesimama mlangoni. Fyuzi ikae karibu na batri, na ikikatika usiikasirikie. Imekwambia kitu.

Na uweke swichi ya ukutani kila chumba, usiiachie simu peke yake. Unamkumbuka yule mwalimu aliyekwenda na simu yake Kindu, mkewe akabaki siku tatu chini ya taa ya zambarau, mpaka majirani wakadhani amefungua baa? Tulicheka sana. Lakini Masudi ana mama yake mzee, na mzee hapaswi kumwomba mjukuu ruhusa ya kuzima taa alale.

Ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo, wakati kosa bado ni waya tu. Mimi ningelipa nyumba. Ningelima kwa Masudi miaka kumi, ningeuza kila kitu, lakini ingekuwa nyumba tu. Kila siku niliyonyamaza iliongeza mtu: kwanza mzee, kisha mke wake, kisha mama yako, kisha wewe nyuma yangu pale sokoni. Nilidhani kesho itakuwa rahisi zaidi kusema. Haikuwa rahisi hata siku moja.

Wiki iliyopita Idi alilala Lusangi akamwona babu yako. Miguu imevimba, macho yamekwisha, masikio bado mazima. Mpwa wake anasema hatavuka msimu huu. Idi alipomtajia kwamba atakupitisha pale ukienda Salamabila, mzee aliuliza:

"Mutoto wa binti yangu, angali ananiogopa?"

Idi aliniambia hivyo akicheka, hajui kitu. 

Kwetu mkwe hamkabili baba mkwe wake. Hali naye sahani moja, hamtazami machoni, na akiwa na neno zito hutafuta mtu wa katikati alipeleke. Ni desturi nzuri, imezuia ngumi nyingi. Basi nilikuwa nimepanga wewe uwe mtu wa katikati. Ungeshuka Lusangi, ungemsomea barua hii, ungempa mkononi ile fyuzi, ambayo nimeitunza miaka yote hii ndani ya kopo la misumari. Niliandika ukurasa mzima wa kukuelekeza: ukae wapi, uanze na neno gani, uombe radhi kwa niaba yangu vipi. Kisha nikausoma. Mzee amebeba moto wangu miaka tisa, na sasa nilitaka kumwongezea mtoto wangu mzigo uleule, kwa kisingizio cha adabu. Nimeuchana ukurasa huo. Ndiyo maana unaona hapa namba za kurasa zimeruka.

Nimempigia Idi nikamwambia kesho ni watu wawili. Ameuliza sanduku litakaa wapi, nikasema nitalipakata.

Nitakwenda Lusangi kwa babu yako. Akiniruhusu kuinuka pale, nitakwenda Wamaza, nisimame mahali ilipokuwa nyumba yake, niseme mbele ya wale wale, kwa sauti ile ile niliyojibia siku ile. Kisha Salamabila, kwa Masudi. Sijui kama watanipiga. Sijui kama Masudi atakunyang'anya kazi kabla hujafungua sanduku, na kama atafanya hivyo, nimekuharibia na hilo pia, sina cha kukulipa. Sijui kama mzee atanisamehe, na ninaogopa zaidi kwamba atanisamehe upesi, kwa heshima, akiinamisha uso chini. Wala sijui kama tutamkuta. Ninaomba tumkute tu. Mengine yote nimeyaacha.

Basi utauliza, kama unakwenda mwenyewe, barua ya nini? Kwa sababu ninajijua. Nitaingia kwa mzee, nitavua viatu, nitakaa mbali karibu na mlango kama mkwe. Nitauliza habari ya miguu. Nitauliza habari ya mvua, habari ya mihogo. Yeye atanijibu kwa upole, kwa sababu ndivyo alivyo. Na mimi nitaona kwamba leo amechoka, kwamba kuna wageni, kwamba afadhali turudi siku nyingine akiwa na nguvu.

Wewe usikae karibu yangu. Kaa karibu naye, umshike mkono ili ajue humwogopi, na barua hii iwe kwenye magoti yako. Nikifika kwenye mihogo na bado sijasema, usinisubiri. Isome kwa sauti, kuanzia juu.

Papa yako